Pete ya Choo cha Mayi Kamphulusa

Tundu lilikuwa wazi, nami nilikuwa nimepiga magoti mbele yake kama mtu anayetubu, jagi la thobwa mkononi. Ndikuriyo, fundi mwenzangu, alisimama mlangoni akichungulia ukumbini. Alipoashiria kwamba njia nyeupe, nikamimina polepole, mdomo wa jagi ukigusa ukingo wa bomba ili kusitoke mlio. Kinywaji kilikuwa kizito, kimeiva vizuri, kina harufu ya mtama uliochipuzwa na kuanikwa juani. Kilishuka gizani bila neno. Nikabakiza kidogo chini ya jagi, kiasi anachobakiza mgeni mwenye adabu, kisha nikapangusa midomo kwa kiganja.

"Unapangusa nini na haukukunywa?" Ndikuriyo akanong'ona.

"Nazoeza uso."

Bakuli la choo lenyewe lilikuwa nje kwenye nyasi, chini ya maua ya mjakaranda, limekaa peke yake kama kamishna aliyefukuzwa kazi anayesubiri gari ambalo halitakuja.

Hiyo ilikuwa Oktoba ya mwaka tisini na sita, Area 47, Lilongwe, kwenye nyumba ya mjane aliyeitwa Mayi Kamphulusa; mayi ni mama kwa Chichewa. Kila siku, joto lilipoanza kutuumiza macho, alikuja mwenyewe na jagi lililofunikwa kitambaa chenye shanga pembeni. Aliliweka juu ya ndoo iliyopinduliwa, akasema "Imwani," yaani kunyweni, akageuka, akaondoka.

Akaondoka! Hilo ndilo lililonitia baridi katikati ya joto lile.

Kwetu Zaire, Fizi na Uvira, na ng'ambo ya mto Ruzizi, Burundi kwa akina Ndikuriyo, anayekupa kinywaji huonja kwanza mbele ya macho yako. Hata awe mama yako mzazi. Anamimina, anapiga funda, unaona koo lake likipanda na kushuka, ndipo kikombe kinakujia. Hatuiiti adabu wala hatuiiti woga, ni kama kupiga hodi. Na asiyeonja amekwisha kukuambia jambo bila kufungua mdomo.

Mimi niliambiwa jambo hilo mara moja Uvira, na aliyelilipia ni Mulenda. Tulikuwa wawili tuliowasimamisha wapagazi wa bandarini wakakataa kubeba mizigo ya wakubwa bure. Mulenda alikuwa na sauti. Mimi nilikuwa na kichwa: shule niliiacha mapema nikashika ufundi wa bomba, siasa nilijifunza kwenye magazeti yaliyofungiwa ndagala, dagaa wa ziwa letu, nikasoma hata mistari iliyoliwa na mafuta. Mkubwa mmoja wa zone, yaani wilaya, akatuita nyumbani kwake tuzungumze kama wanaume. Kasiksi, pombe ya ndizi, ikamiminwa kwenye glasi safi. Yeye hakuonja, alisema daktari wake amemkataza pombe. Mimi nikasema tumbo linanisumbua. Mulenda, ambaye siku zote aliona aibu kwa niaba ya wengine, akanywa yake, kisha akanywa na yangu ili mwenye nyumba asivunjike moyo. Jumapili tulimzika. Hakuna aliyeuliza kitu, na wapagazi wakarudi kubeba. Mimi na mke wangu Rosette tukavuka ziwa usiku uleule, tukateremka Tanzania mpaka tukafika Malawi.

Basi msinifundishe mimi habari za kuamini watu.

Dzaleka ilikuwa kambi mpya ya wakimbizi ndani ya gereza la zamani. Walitupa kuta za wafungwa wakatuita wageni. Tulipanga foleni ya mahindi, foleni ya maharagwe, foleni ya kuambiwa hakuna. Niliposema kwa sauti kwamba foleni nayo ni pingu, wengine walicheka, wengine walikumbuka jina langu, na sikuweza kujua nani ni nani. Tangu hapo nilitazama nyuma kabla ya kufungua mdomo.

Rosette alikuwa amezika watoto wawili. Wa kwanza alikufa Uvira, katika kuzaliwa, taa ya petroli ikiwa imeisha mafuta. Wa pili alikufa kwenye lori la mahindi tuliloliomba litupeleke mjini, kabla hatujaona lami. Sasa alikuwa na mimba ya tatu, tumbo limeshuka, miguu imevimba. Muuguzi wa kambi alituambia wazi: huyu asingoje uchungu huku. Awe mjini, karibu na hospitali kubwa, mwezi mzima kabla.

Mjini kwa nani? Sisi mjini tulikuwa na Evariste tu, fundi cherehani Mrundi aliyepanga chumba kimoja Mtandire na kulala chini ya meza yake ya kazi.

Ndipo wakaja wamama wa kanisa fulani na mabunda ya nguo. Mmoja wao, mrefu, mwenye kitambaa cheusi kichwani, hakugawa nguo. Alisimama mbele ya Rosette akamtazama tumbo kwa muda mrefu kuliko inavyoruhusiwa. Kisha akamwita Ndikuriyo, kwa sababu yeye aliingia Malawi kabla yetu na Chichewa alikuwa anakimwaga kama maji. Wakaongea. Yule mama aliongea sana, akapima kitu hewani kwa mikono, akaonyesha ardhi, akaonyesha mbali.

"Anasema je?" nikauliza.

"Anasema ni mujane, hana mutoto, ana chumba nyuma ya nyumba, haiko na mutu. Rosette anaweza kukaa mupaka azae. Hospitali iko karibu. Lakini bafu yake imeharibika, sakafu inanuka. Kama mume ni fundi wa bomba, atengeneze."

"Ni hayo tu?"

"Njo hayo."

"Aliongea kama pasteri siku ya Pasaka, na we unanipa mistari mitatu."

Ndikuriyo alicheka. Alikuwa shemasi, mwembamba, mwenye kicheko cha pole kinachotoka puani, na Bujumbura alikuwa fundi wa kuweka vigae. Tuliheshimiana. Lakini mtu anayesimama kati ya maneno yangu na masikio ya watu ni mtu ambaye lazima nimwangalie mikono.

"Kingine alisema," akaongeza kwa kusitasita, "chumba ni cha mwanamuke. Banaume habalali pale."

Nikaanza kuhesabu moyoni yanayoweza kufichwa na sharti kama hilo. Mjane asiye na mtoto. Mimba ya watu wasio na kwao. Chumba cha bure ambacho mume haruhusiwi kulala. Nikamwambia Rosette tusikubali. Aliinua mguu wake uliovimba akauweka juu ya goti langu, akauacha pale, mzito.

Kesho yake nilifunga patasi na nyundo kwenye gunia.

* * *

Tulilala Mtandire kwa Evariste. Kila asubuhi tulitembea mpaka kwenye uzio wa Area 47, tukitanguliana, asije mtu akaona wakimbizi wawili na gunia la vyuma akataka kujua wanafanya nini nje ya kambi. Redio ya Evariste ilikuwa imeanza kuitaja Uvira kwa sauti ile wanayotumia kutaja mahali panapoungua. Hapakuwa na kurudi.

Bafu lilikuwa na sakafu nyekundu ya saruji, ile ya zamani iliyosuguliwa kwa nta, imepasuka na kuinuka kama gamba la mkate. Choo kilitikisika. Ukikaa, kinakujibu. Niling'oa bakuli, na chini yake nikakuta kilichokuwa kinatoa harufu: pete. Nasema pete, mafundi wengine husema flenji. Ni lile duara linalokaa juu ya mdomo wa bomba la choo, likaushika sakafuni, na bakuli likafungwa juu yake kwa bolti. Watu hukaa maisha yao yote juu yake bila kujua ipo. Ile ya Mayi Kamphulusa ilikuwa ya chuma, upande mmoja umeliwa na kutu ukabaki kama biskuti iliyolowa. Bolti zilikatika kwa vidole.

"Ona," nikamwambia Ndikuriyo. "Njo serikali hii. Juu kumepakwa nta, chini kumeoza."

"Papa Lwaboshi, mi nimekuja kuweka karo. Serikali sitaweka."

Tulianza kugombana palepale. Yeye alitaka kuweka pete mpya mahali pa ile ya zamani, halafu vigae, ambavyo yeye aliviita karo, vizunguke. Mimi nilikataa. Sakafu mpya ingepanda juu kwa unene wa kigae na saruji yake, pete ingebaki shimoni, na maji machafu yangetambaa chini ya vigae. Pete lazima ikae juu ya sakafu iliyomalizika. Kwa hiyo yeye aanze, aweke vigae mpaka ukingoni mwa tundu, kisha nije mimi. Alikubali, lakini tundu likabaki wazi siku nyingi, limezibwa kwa tambara tu, na likawa kinywa kilichokuwa tayari kupokea thobwa.

Mayi Kamphulusa hakuwa mwanamke wa maneno mengi nasi. Alikaa kwenye kiti ukumbini, mahali ambapo angeweza kutuona na sisi tusimwone vizuri, akichambua maharagwe. Mara nyingine aliuliza kitu, na kitu chenyewe kilikuwa kilekile: Dzaleka. Kuta za mle ndani ni nene kiasi gani? Usiku ukilala, unasikia sauti za nje? Baridi ya Juni inaingia?

"Anatafuta nini?" nikamuuliza Ndikuriyo.

"Anauliza tu."

"Hakuna mutu anauliza unene wa ukuta bure. Mwambie ni nyembamba. Mwambie tunasikia kila kitu."

"Mbona tumudanganye?"

"Ili nione ataipeleka wapi."

Alipoambiwa kwamba kuta ni nyembamba, kwamba sauti za nje zinaingia, yule mama aliacha kuchambua. Akashika punje moja ya harage kwa muda. Kisha akasema neno moja, zikomo, asante, akaondoka na ungo wake. Mimi nikatia alama moyoni.

Na jagi likaja tena, na tundu likanywa tena. Ndikuriyo naye hakunywa. Shemasi au si shemasi, alizaliwa kule tulikozaliwa. Tulikunywa maji ya bomba la bustani tuliyoyaacha yatiririke kwanza, tukala mihogo ya kuchoma tuliyokuja nayo.

* * *

Siku aliyotuita, Ndikuriyo alikuwa amekwisha kuzungusha vigae tundu lote, vyeupe, vimenyooka, mpaka nami nikaona raha kuvitazama. Nilikuwa nimeishika pete mpya, ya plastiki ngumu nyekundu, nikiipima. Mayi Kamphulusa akasimama mlangoni. Alitupungia mkono tumfuate.

Tukazunguka nyumba. Nyuma ya ukuta wa bafu kulikuwa na tuta la mboga, majani mapana, ya kijani kibichi mno kwa mwezi ule wa ukame. Na pale ambapo ukuta unakutana na msingi kulikuwa na ufa, na kutoka kwenye ufa kulikuwa kunatiririka kitu cheupe. Chenye tope. Kilikuwa kimekauka juu ya matofali tabaka juu ya tabaka kama chokaa, na tabaka la leo lilikuwa bado bichi. Siafu walikuwa wamepanga mistari. Kuku wake watatu walikuwa wakidonoa na kuinua vichwa, wakimeza kwa starehe ya walevi.

Aliinama, akachovya kidole, akakileta mbele ya pua yangu.

"Thobwa," akasema.

Kichwa changu kiligawanyika. Nusu ya fundi ikasema: bomba limepasuka chini ya sakafu, kwenye kiungo cha kona, na uchafu wa nyumba hii umekuwa ukinywesha mboga hizi miaka. Nusu nyingine ikasema: kwaheri chumba, kwaheri hospitali, kwaheri mtoto.

"Kuku habakufa," Ndikuriyo alinong'ona kwa Kiswahili, macho chini.

"Sumu ya bantu haishike kuku."

Yule mama akauliza swali. Sikuhitaji mkalimani. Chifukwa chiyani? Kwa nini? Ndikuriyo akaanza kujibu, na Chichewa chake kikawa laini kuliko siku zote, kirefu, chenye vicheko vidogo puani. Nikajua anajenga uwongo. Nikasikia neno lao lenye maana ya bahati mbaya, nikaona mkono wake ukiigiza jagi linaloponyoka.

"Acha," nikasema. "Mwambie kweli."

"Papa! Rosette je? We unataka bibi yako azae kwenye lori tena?"

"Kama huyu ni mubaya, uwongo hautatusaidia. Kama ni muzuri, ana haki. Mwambie: kwetu anayetoa kinywaji anaonja. Yeye haonji. Mwambie nimezika rafiki. Yote, Ndikuriyo. Usikate."

Alimwambia. Ilichukua muda. Kuku waliendelea kunywa. Uso wa Mayi Kamphulusa haukubadilika, ila mkono wenye kidole cheupe ulishuka taratibu ukajifuta kwenye kitenge.

Alipoanza kusema hakunitazama mimi, alitazama ufa. Na kwa mara ya kwanza Ndikuriyo hakufupisha. Alitafsiri sentensi kwa sentensi, na sauti yake mwenyewe ikapotea ndani ya ile ya mama.

"Anasema mume wake alikuwa mwalimu. Enzi ya yule muzee, raisi wa zamani. Alisema neno moja darasani, bakamuchukua. Gereza. Si ile yenu, anasema, ingine, kusini kule. Anasema alikuwa anapanda basi na thobwa kwenye kibuyu. Pale kwenye geti, askari anafungua kibuyu, anamwambia: onja kwanza. Mbele ya bantu bote kwenye foleni. Anakunywa kidogo. Askari anasema: ongeza. Anakunywa. Ongeza. Mupaka anaona chini ya kibuyu. Halafu banacheka, banasema: mama, sasa mume wako utamupa nini?"

Ndikuriyo akamsikiliza tena mama, kisha akaendelea.

"Anasema walifanya hivyo kila safari. Kila safari alirudi na tumbo limejaa. Alikuwa anaimba pale nje kwa nguvu, ili mume asikie kama alikuja. Hajui kama alisikia. Mume alikufa mule ndani. Anasema toka siku ile aliapa hataonja tena kinywaji cha mutu. Akikupa, ni chako chote."

Sasa nikaelewa unene wa kuta. Nikaelewa pia kwamba nilikuwa nimempa jibu alilolitaka, kwa uwongo wangu mwenyewe, na sikuwa na nia ya kulitengua.

Lakini msidhani nililainika. Nimesikia hadithi nyingi nzuri. Yule mkubwa wa zone naye alikuwa na hadithi nzuri ya daktari wake. Nilisimama pale na kichwa changu kikaendelea kufanya kazi yake, kikipindua maneno ya yule mama mmojammoja kama mtu anayetafuta mawe kwenye mchele.

Mayi Kamphulusa akanigeukia. Safari hii alisema maneno machache, na Ndikuriyo alitoa machache.

"Anasema: bibi yako akikuja hapa, atakula kwake na atakunywa kwake. Yeye haonji. Kama hautaki, malizeni choo mwende."

Kisha akainama kwenye tuta lake, akaanza kung'oa zile mboga nzuri, shina kwa shina, akizitupa nje ya uzio. Kuku walikimbia.

* * *

Ilibidi tuvunje vigae. Ndikuriyo alivua kofia yake akaikalia, akanitukana kwa Kirundi, lugha aliyodhani siisikii. Nilimwambia anitukane akichimba. Tukashuka chini ya sakafu mpaka kwenye kona ya bomba, na pale palikuwa na ufa mrefu kama kidole, kingo zake nyeupe za thobwa. Nisingeuona kwa njia nyingine. Tungefunga sakafu juu yake, tungeweka pete mpya inayong'aa, na nyumba ingeendelea kuoza kwa ndani huku sisi tukisifiwa. Nasema hivi kwa wale wanaoniambia kwamba shaka ni ugonjwa.

Nilibadilisha kona yote. Saruji ikakauka. Vigae vikarudi. Nikaiweka pete juu yake, nikaikaza kwenye zege mpaka ikawa mwili mmoja na sakafu, nikazungusha mpira, na mimi na Ndikuriyo tukamleta kamishna kutoka kwenye nyasi, tukamkalisha. Nikaketi juu yake na uzito wangu wote, nikajitikisa huku na huku. Hakunijibu.

Tulikwenda nyuma kuangalia ukuta. Mkavu.

Tuliporudi, jagi lilikuwa juu ya ndoo, na safari hii Mayi Kamphulusa hakuondoka. Alisimama mlangoni, mikono imefungwa kifuani.

Ndikuriyo alinitazama. Akalitazama jagi. Akafanya ishara ya msalaba haraka, kama anayefukuza nzi, akalinyanyua, akanywa. Alikunywa mpaka koo likachoka, akashusha pumzi, akaniletea.

"Haya, muzee. Mi nimeonja. Sasa iko na mwenye ameonja."

Wote wawili walinitazama. Nilishika lile jagi. Lilikuwa baridi, limetoa jasho. Nilisikia kiu ya siku zote zile kwa pamoja.

Nikaliweka chini.

Yule mama alinyanyua kitambaa chake chenye shanga, akalifunika, akaenda nalo. Na mimi nilimtazama Ndikuriyo njia nzima mpaka Mtandire, na jioni yote, kama mtu anayetazama chungu jikoni.

"We Lwaboshi," alisema akiwa amejilaza, "nikikufa utafurahi, kwa kuwa ulisema kweli."

"Nyamaza. Tumbo je?"

"Tumbo linaomba ingine."

* * *

Dzaleka nilimkuta Rosette ameketi kwenye kizingiti, miguu ndani ya beseni. Nikamwambia yote: ufa, kuku, kibuyu, sharti. Nikamwambia uamuzi wangu pia, kwa sababu nilikuwa nimekwisha kuuamua kwenye matola, pikapu ya abiria, nikija, nimebanwa kati ya magunia ya tumbaku. Tutatafuta kwingine. Mtu ambaye haonji hawezi kupewa mke wangu.

Rosette alisikiliza mpaka mwisho. Hakuwahi kunikatiza mbele ya watu, na ndani ya nyumba alikuwa akinikatiza kila siku. Safari hii hakunikatiza.

"Mulenda alikunywa, akakufa," akasema. "Nimesikia. Miaka yote hii unanikunywesha hiyo. Sasa nisikilize na mi. Batoto bangu bawili habakukunywa hata tone, na bo balikufa. Niambie, sumu ilikuwa wapi?"

Mimi, niliyewajibu makamishna, nikatazama beseni.

"We njo unaogopa," akasema akitoa mguu mmoja kwenye maji, "lakini tumbo ni langu. Nipe ile kitenge ya kijani, nifunge bintu yangu."

Nikampa.

Tulifika Area 47 mchana. Chumba cha nyuma kilikuwa kimefagiliwa, kitanda kina shuka, dirisha lina komeo kwa ndani. Nilikagua komeo. Nilikagua dari. Nikauliza kwa ishara kama mlango una ufunguo mmoja au miwili, na Mayi Kamphulusa akaniinulia vidole viwili, akachomoa ufunguo mmoja kutoka kwenye kitenge akampa Rosette mkononi, si mimi. Wa pili akaurudisha palepale ulipokuwa.

Nilitafuta kisingizio cha kubaki. Nilikagua choo tena, kilikuwa kizima kuliko kitu chochote nilichowahi kutengeneza. Mwishowe Rosette akaniambia nirudi kambini, kesho watu wanahesabiwa, na ambaye hayupo anakatwa mahindi.

Niliondoka. Getini niligeuka. Walikuwa wameketi barazani, ungo wa karanga katikati yao, miguu ya Rosette imeinuliwa juu ya kigoda. Mke wangu hakuwa na Chichewa cha kuombea chumvi. Yule mama hakuwa na Kiswahili. Lakini alisema kitu, na Rosette akajibu, na wote wawili wakainua macho wakanitazama pale nilipo, nimeshika geti la watu, gunia la vyuma begani. Wakacheka. Walicheka mpaka Rosette akashika tumbo, mpaka karanga zikamwagika.

Nella, binti yetu, alizaliwa na mvua za kwanza. Alilia kabla hajashikwa vizuri. Leo ana watoto wake, na sisi bado tuko Dzaleka, bado kwenye foleni, na bado nasema kwa sauti. Siku ile walicheka nini? Nimemuuliza Rosette mara nyingi. Huacha anachokifanya, hunitazama kuanzia miguuni kupanda juu, kisha huanza upya kucheka, kama kwamba yule mama bado yuko hapo pembeni yake.

Nami hutoka nje kidogo, kuangalia kama kuna mtu anatusikiliza.